Chemchemi ya Kiangazi

Kiangazi kile, mabomba ya mtaa mzima yakikohoa hewa tu, nyumba ya fundi viatu ilipata maji. Hayakutoka bombani na hayakununuliwa kwa ndoo. Yalichuruzika yenyewe kwenye ngema, ule ukuta wa udongo ulioachwa na matingatinga yalipokata kilima nyuma ya nyumba. Ngema hiyo ilikuwa ndefu kuliko paa. Maji yalishuka polepole kama jasho la shingoni, yakatuama chini ya dirisha la chumba cha nyuma.

Aliyeyaona kwanza ni mke wa fundi, ambaye watu walimwita Dobi kwa sababu alifua nguo za nyumba za watu. Alikuwa amekwenda nyuma kufunga kamba ya kuanikia. Akachovya kidole, akaonja.

"Mama," alimwita mama mkwe wake dirishani, "njoo uone. Udongo unatoa maji."

"Nije na miguu ya nani?" Bibi alijibu kutoka kitandani. "Nichotee niyaone hapahapa."

Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Akitoka kitandani akafika kwenye kiti cha dirishani, safari ya siku imekwisha. Dobi akamletea maji kwenye kikombe. Bibi aliyaelekeza kwenye mwanga, akayatazama, kisha akayanywa yote bila kupumua.

"Nimeomba maji tangu siku niliyoolewa kwenye nyumba hii," alisema akijifuta midomo. "Kumbe Mungu alikuwa anatafuta anuani."

Fundi aliporudi jioni alilizunguka lile dimbwi akicheka peke yake. Kesho yake hakufungua kibanda chake cha viatu. Alichukua sururu na jembe akachimba chini ya ngema, akaingia ndani kama mtu anayekata mkate kuanzia chini, mpaka kikapatikana kisima kidogo cha kuzamisha ndoo. Kazi aliyodhani itamchosha iliisha kabla jua halijawa kali.

"Udongo hauna ubishi kabisa," alimwambia mkewe. "Unakatika kama siagi."

Alisema hivyo kwa furaha. Hakuna aliyejiuliza pale kwa nini udongo wa kiangazi, ambao kila mwaka ulivunja mipini ya majembe, mwaka huu umekuwa siagi.

Habari haikukaa ndani. Wanawake walianza kuja na ndoo, kwanza jirani wa ukuta kwa ukuta, halafu wa njia ya pili, halafu watu ambao Dobi hakuwajua hata kwa sura. Na Bibi akapata kazi. Alisogeza kiti mpaka kikagusa nondo za dirisha, akawa msimamizi wa foleni.

"Wewe mwenye ndoo ya bluu, jana ulichota mbili. Leo moja."

"Bibi, ile ya pili ilikuwa ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo anayeoga kuliko wazima? Mponye kwanza, halafu uje."

Foleni nzima ilicheka, na mwenye ndoo ya bluu akacheka nayo, akachota moja. Kwa muda mrefu Bibi alikuwa mzee wa kusalimiwa kwa kugeuza shingo tu. Sasa watu walimuuliza miguu imeamkaje kabla hawajagusa maji. Walimwita Mwenyekiti. Akawa anakula vizuri, analala vizuri. "Yanadondoka sikioni mwangu," alimwambia mwanawe, "kama saa ya ukutani. Nikiyasikia najua bado nipo."

*

Dobi alikuwa anafua nguo za nyumba nyingi, lakini nyumba iliyomlipa bila kumzungusha ilikuwa ile ya juu ya ngema, ya mtu ambaye mtaa ulimwita Tajiri. Huyo ndiye aliyekata kilima apate uwanja tambarare wa bustani. Ofisa wa ardhi alikuja akatazama, akasema: panda nyasi mpaka ukingoni, mizizi ishike udongo, na mimi sitasaini kibali cha nyumba mpaka nione pote pamekuwa kijani. Neno lenyewe lilikuwa zuri. Hata mtoto wa shule anajua kwamba mizizi inashika udongo. Lakini nyasi zilizopandwa kiangazi hazigeuki kijani kwa kuogopa ofisa. Zinataka maji.

Siku aliyopeleka nguo zilizopigwa pasi, Dobi alipita bustanini. Mipira ya maji ilikuwa imelazwa huku na huku kama nyoka walioshiba, na katikati kulikuwa na kidude kinachozunguka kikirusha maji pande zote. Mtunza bustani, ambaye kwa ajili ya ovaroli lake walimwita Kijani, alikuwa ameegemea reki.

"Kijani, unamwagilia au unapanda mpunga?" Dobi alimuuliza. Ndala zake zilikuwa zinabonyea ardhini kama anayekanyaga godoro.

"Dada, usinichekeshe. Nyasi hizi zikiwa njano, na mimi njano. Ofisa anarudi wakati wowote."

"Na sisi mabomba makavu. Nyinyi mnayatoa wapi?"

"Tajiri ana kisima kirefu. Ile pampu haizimwi, ameniambia nikiizima nizime na mshahara."

"Sasa maji yote haya yanakwenda wapi?"

"Chini," Kijani alisema, kana kwamba chini ni mahali pasipo na mtu.

Dobi alisogea ukingoni akachungulia. Aliliona paa lake. Alikiona kisima cha mume wake, mstari wa ndoo, na mkono wa Bibi umetoka kwenye nondo ukimwonyesha mtu arudi nyuma. Ndipo akaelewa chemchemi yao ilikuwa nini. Kwanza alicheka. Tajiri alikuwa anaunywesha mtaa mzima bila kujua.

Kisha akatazama miguuni pake, na kicheko kikakata. Katikati ya nyasi kulikuwa na mpasuko wa kuingia mkono, umefuata ukingo wa bustani kama pindo lililofumuka. Mpira mmoja ulikuwa unamwaga maji ndani yake. Maji yaliingia na hayakujaa.

"Hii nini?"

"Hiyo ipo siku nyingi. Nimeifukia nimechoka. Inakunywa tu."

*

Tangu siku hiyo Dobi akawa anayaona mambo ambayo wengine wanayapita. Mlango wa chumba cha nyuma ukagoma kufunga. Fundi akaupiga randa, akasema mbao zimevimba kwa unyevu. Kesho yake ukagoma upande wa pili. Sakafu ikafanya ufa kutoka kitandani kwa Bibi mpaka dirishani. Fundi akakoroga saruji.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema akisawazisha kwa mwiko. "Haya, nimeziba. Tusisumbuane."

Ufa ukafunguka pembeni ya ule wa zamani, kama mpangaji aliyehamia jirani.

"Baba watoto," Dobi alisema, "nimeona huko juu ardhi imeachana. Ikishuka, inashukia kitanda cha mama."

"Maporomoko ni ya masika. Umewahi kuona kilima kikianguka jua kali namna hii?"

"Na wewe umewahi kuona kilima kikitoa maji jua kali namna hii?"

Fundi alicheka kwa pua. "Tumepata neema, umeshaanza kuifungulia kesi."

Dobi akamwendea Bibi mwenyewe. Alimkuta anahesabu ndoo kwa macho. Akamwomba, kwa adabu zote alizofundishwa, alale sebuleni kwa muda.

"Sebuleni? Nilale mlangoni kama mzigo wa mgeni, kila apitaye aone miguu yangu?"

"Ni siku chache tu, mama."

"Na foleni nani ataisimamia? Wewe unayemwonea haya kila mtu?" Bibi akapunguza sauti. "Mwanangu, kama unataka chumba hiki, sema unataka chumba. Usikizungukie kwa mlima."

Neno hilo lilimchoma Dobi kuliko kofi. Mtaani hakuna sifa mbaya kama ya mke aliyemtoa mama mkwe chumbani kwake. Angeimbwa mpaka watoto wake waoe. Akasema, "Sitaki chumba, mama," akatoka kwenda kusuuza nguo. Haya ndiyo yanayotuua, ndugu zangu. Mtu anaona ufa, anaogopa maneno ya watu kuliko udongo.

*

Siku iliyofuata alivaa nguo zake za kwendea misiba na harusi, akapanda kwa Tajiri. Kijani akamwambia angoje getini. Jua likamhama kutoka bega hili mpaka lile. Hatimaye mke wa Tajiri akatoka, simu sikioni, akamalizia mazungumzo yake mbele ya Dobi bila haraka.

"Mbona leo? Leo si siku yako."

"Sikuja kwa nguo, mama. Nimekuja kuomba. Maji ya bustani yanashukia kwetu na ngema inalegea. Naomba yapunguzwe. Mama mkwe wangu analala palepale chini na hawezi kutembea."

"Hayo maji si mnayachota? Nimeambiwa mmefungua kisima kabisa na foleni juu. Mngekuwa na shukrani mngekuja kutuambia asante."

"Tunashukuru sana, mama. Ila..."

"Ngoja hapohapo."

Akaingia ndani. Dobi akadhani amekwenda kumwita mumewe, akajipanga tena maneno kichwani, akaanza na shikamoo, akaweka pole ya kazi. Mke wa Tajiri akarudi amekumbatia furushi.

"Kwa kuwa umeshafika, chukua mashuka haya. Wageni wameondoka. Nayataka meupe, siyo ya kufuliwa na hayo maji yenu ya ukutani."

Mikono ya Dobi ikapokea. Ilikuwa imezoea kupokea kwenye geti lile, haikumuuliza. Kijani alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira. Basi mama wa watu alikwenda na maneno akarudi na mashuka, na njia nzima ya kushuka alikuwa anaongea peke yake yale aliyotakiwa kuyasema.

*

Ofisini kwa ofisa wa ardhi kulikuwa na benchi moja na watu wa mabenchi matatu. Dobi alisimama. Zamu yake ilipofika ofisa hakumwambia akae, ingawa kiti kilikuwepo, kimewekewa kofia yake ngumu ya kazi.

"Nyinyi ndio mmejenga chini ya ngema," ofisa alisema baada ya kusikia nusu ya maneno. "Nani aliwaambia mjenge chini ya ngema?"

"Sisi tulikuwepo kabla ya ngema, baba. Kilikuwa kilima cha kawaida, mbuzi wanashuka. Ngema ndiyo iliyotukuta."

"Sasa sikiliza. Zile nyasi nimeziagiza mimi. Nimeziagiza kwa ajili yenu, watu wa chini, mizizi iwashikie udongo. Leo unakuja kuzishtaki."

"Mizizi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maji."

"Umeshaona nyasi zinazoota kwa mate?"

Watu wa benchi wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu wao pia walikuwa na shida zao mezani kwa mtu huyo, na mwenye shida hucheka pale mwenye muhuri anapochekesha.

"Twende basi ukaone ule ufa tu," Dobi alisema. "Ukiuona ukisema si kitu, nitanyamaza."

"Nitakuja kukagua nyasi zikiwa tayari. Na mvua zikianza, ukiona dalili, njoo ofisini. Huu ni msimu wa vumbi, mama. Usitupotezee muda." Akamwita anayefuata.

Kutoka ofisini mpaka nyumbani habari ilimtangulia. Ikageuka njiani, kama habari zote: Dobi amekwenda kushtaki ili maji yafungwe. Alipofika kisimani foleni ilimgeukia. Mwenye ndoo ya bluu ndiye aliyeanza.

"Shoga, umeshafua, umeshaoga, umeshapika. Sasa sisi tufe?"

"Sijasema mfe. Nasema pale mnaposimama ni pabaya."

"Palikuwa pazuri ulipokuwa unafulia mashuka ya wakubwa."

"Mwacheni mke wa mwanangu," Bibi alisema dirishani. "Anaota ndoto za mchana kwa sababu ya kazi nyingi. Songeni mbele."

Alimtetea kwa kumfanya punguani, na watu wakasonga mbele. Kibandani nako wateja walimuuliza fundi kama ni kweli mkewe ameyapeleka maji mahakamani. Aliporudi nyumbani hakula. "Unanitia aibu," alisema, akageukia ukutani mpaka asubuhi.

*

Asubuhi hiyo maji yalikuwa yamebadilika. Mpaka jana yalikuwa meupe ya kujitazama uso. Leo yalitoka mazito, rangi ya chai ya maziwa, na yalitoka kwa kasi. Wanawake walikuja, wakainamia, wakaguna, wakaondoka na ndoo tupu. Mwenye ndoo ya bluu alitema mate pembeni, akasema Dobi ameyaroga. Foleni ikaisha. Bibi akabaki dirishani peke yake, hana wa kumwambia arudi nyuma.

Dobi alisimama akiitazama ngema. Vijiwe vilikuwa vinaanguka kimoja kimoja bila kusukumwa na mtu. Havikuwa vikubwa. Kimoja kilitumbukia kisimani, akasubiri, kingine kikafuata.

Akaingia chumba cha nyuma. Mlango ulibidi ausukume kwa bega.

"Mama, leo tunatoka."

"Leo hakuna watu ndiyo unanitoa, nisionekane?"

"Nitakubeba."

Alimkumbatia kiunoni akavuta. Bibi akashika nondo. Walivutana hivyo, mkwe na mkwe, bila kutukanana, mpaka wote pumzi zikaisha wakaangukia kitandani. Bibi akaanza kucheka kicheko cha kikohozi.

"Ungekuwa unakula badala ya kuhangaika na milima, ungeniweza."

Dobi hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Bibi alimtazama kwa muda, kisha akageuka akayatazama yale maji ya chai.

"Ni kweli unaogopa," alisema, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Ninaogopa, mama."

"Basi nenda kamwite mume wako. Akija yeye nitatoka. Sitaki nitolewe kama gunia, nitolewe na mwanangu."

Dobi alikimbia. Kibanda cha fundi kilikuwa barabarani, mwendo wa kupita maduka na kisagio cha unga. Alimkuta ana msumari mdomoni na kiatu cha mteja mapajani. Mteja, bwana mwenye tai, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, soksi imemtoboka kidole.

"Mama amekubali kutoka," Dobi alisema. "Twende ukambebe."

"Amekubali?" Fundi alifurahi. "Vizuri basi. Namalizia kisigino hiki."

"Sasa hivi."

"Mama watoto, mtu yuko mguu mmoja."

"Nina kikao," mteja alisema.

Fundi akagonga. Dobi alisimama pale akiutazama ule msumari unavyoingia. Angeweza kumnyang'anya nyundo. Angeweza kupiga kelele watu wajae. Lakini jana alikuwa ameshafanywa punguani, na leo alikuwa anajitahidi aonekane mtu mwenye akili zake. Kisigino kikaisha. Mteja akakijaribu kwa kukanyaga, akasema bado kinacheza. Fundi akaongeza msumari mwingine.

Walikuwa wamefika kwenye kisagio waliposikia. Haukuwa mlipuko. Ulikuwa mlio kama wa lori linalomwaga mchanga, ukaendelea, ukaendelea, halafu basi. Jua lilikuwa linawaka vilevile. Halikutimka hata vumbi, kwa sababu udongo wote ulikuwa umelowa.

*

Sebule ilikuwa imesimama, hata pazia lilikuwa mahali pake. Nyuma ya pazia hapakuwa na chumba. Kulikuwa na kilima.

Fundi alianza kwa mikono. Watu wakaja na majembe, na wale wanawake wakaja na zile ndoo zao, sasa wakichota tope. Aliyekuwa mbele kuliko wote, amezama mpaka mapajani, ni mwenye ndoo ya bluu. "Bibi, itika," alikuwa anasema kila akichota. "Mwenyekiti, itika basi."

Lakini walichokitoa kilirudi. Juu, ukingo mpya ulikuwa umekatika katikati ya bustani, na mipira ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo huo, bado inamwaga. Maji yalishuka moja kwa moja kwenye shimo walilokuwa wanachimba, tope likajifunga tena kama uji.

"Funga maji!" mtu alipiga kelele.

Kijani alikuwa juu, mikono kichwani. "Tajiri hayupo! Nampigia hapokei!"

Someni hapo tena. Mtu amefukiwa, na mwenzake anangoja ruhusa ya kuzima pampu. Sisemi Kijani ni mtu mbaya. Nasema walimfundisha nyasi zina mwenyewe, na hakuna aliyemfundisha kwamba hata mtu wa chini ana wenyewe.

Dobi aliacha jembe akaipanda ile njia. Geti lilikuwa wazi. Kijani akamfuata nyumanyuma mpaka kwenye kibanda cha pampu.

"Dada, nitaulizwa."

"Ulizwa."

Hakujua swichi ya pampu ni ipi. Alizima zote, moja baada ya nyingine, na taa ya veranda ikazimika, na redio jikoni ikanyamaza, na mwisho pampu ikakoroma ikafa. Kile kidude cha katikati kilizunguka mara ya mwisho kikijikojolea, kikasimama.

Baada ya hapo waliweza kuchimba. Walimpata Bibi jua likiwa limeanza kuinama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, nondo za dirisha zimemlalia kifuani. Aliyemtoa ni mwanawe. Alimbeba mwenyewe mpaka barabarani, na hakukubali mtu amsaidie hata mguu mmoja.

*

Siku ya maziko watu walijaa mpaka njia ya pili. Tajiri alikuja na mkewe, wamevaa nguo nyeusi nzuri, wakapewa viti vya mbele. Ofisa wa ardhi alikuja pia, akaombwa aseme neno, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyekuwepo.

"Ndugu wafiwa," ofisa alisema, "msiba huu ni wetu sote. Huu si wakati wa kutafuta mchawi. Hii ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Ila tulio hai tujifunze. Tusichimbe chini ya ngema. Mkichimba chini ya ngema, mnaitoa miguu."

Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Watu wote walimtazama fundi, na fundi akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Yalikuwa kweli, na kwa sababu yalikuwa kweli ofisa aliyasema kwa sauti nzuri, kama mtu aliyepata mahali pa kuweka mzigo wake.

Dobi akasimama kati ya wanawake. Mwenye ndoo ya bluu akamshika upindo wa khanga, akamnong'oneza akae. Mzee mmoja akakohoa. Kwenye maziko hata binti wa marehemu hunyamaza, na mke wa mtoto wa marehemu hunyamaza zaidi.

"Mwacheni aseme," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Mume wangu alichimba," Dobi alisema. "Ni kweli. Atalala nalo na kuamka nalo, hana haja ya kukumbushwa na mgeni. Na mimi ninalo langu. Lakini Mungu mwacheni." Akainua kidole juu. "Tangu masika yaishe Mungu hajaangusha hata tone. Tazameni juu."

Watu wakatazama juu, hata wazee. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata wingu la kusingizia.

"Maji yaliyomuua mama yalitoka kwenye pampu. Pampu ina mwenyewe, amekaa pale. Na mwenye pampu aliambiwa na mtu: hakuna kibali mpaka nione kijani. Mtu huyo nilikwenda ofisini kwake mchana, nikasimama mbele ya meza yake, nikamwomba kwa adabu aje atazame ufa. Watu wa benchi walikuwepo, wengine nawaona hapa."

Mke wa Tajiri akaanza kunyanyuka. Tajiri akamvuta akae, kwa kuwa watu walikuwa wamesimama nyuma yao na njia haikuwepo.

"Sitaki pole," Dobi alisema. Alimgeukia ofisa. "Nataka uwaambie hawa ulinijibu nini."

Ofisa alikuwa bado amesimama, maana alikuwa hajamaliza hotuba. Alifungua mdomo, akamtazama Tajiri, akaufunga. Watu wote walimkazia macho, wakangoja.